Kompyuta na Sataranji: Mchezo Unakufa au Unanyamaza?

Utangulizi

Katika mazungumzo ya walimu, hususa wakati wa mapumziko ya saa nne, limezuka dai ambalo si geni ulimwenguni lakini lilikuwa geni katika vyumba vyetu vya walimu hapa Kigali. Dai lenyewe ni hili: ya kwamba kompyuta, na hasa simu za mkononi ambazo nazo ni kompyuta ndogo, zimekwisha kuuharibu mchezo wa sataranji, na kwamba mwalimu anayewafundisha watoto mchezo huo leo anawafundisha maiti. Mwenzetu mmoja afundishaye hisabati alilieleza jambo hilo kwa ukali zaidi. Alisema kwamba kumtaka mtoto afikiri mbele ya ubao wa sataranji, hali simu iliyomo mfukoni mwa baba yake inaijua hatua iliyo bora, ni sawa na kumtaka ashindane mbio na gari.

Siku ile hatukumjibu. Makala haya ndiyo jibu letu, na tunakiri tangu mwanzo kwamba si jibu la kumpinga katika kila jambo. Tutajaribu kuchunguza dai lake kwa utaratibu: kwanza tuone yaliyotokea ulimwenguni, kisha tupime faida na hasara, halafu tueleze yaliyotupata sisi wenyewe katika chama cha wanafunzi tunachokisimamia, na mwisho tuutazame mchezo wa jadi wa nchi hii, yaani igisoro, ambao katika mjadala huu husahauliwa.

Huenda msomaji akauliza mwalimu wa lugha anatafuta nini katika ubao wa sataranji. Swali hilo ni la haki, na jibu lake ndilo kiini cha makala haya. Tunashikilia kwamba mchezo wa namna hii haukai katika mbao na kete peke yake. Hukaa pia katika maneno wanayosemeshana wachezaji na watazamaji wakati unapochezwa na baada ya kumalizika. Kwa hiyo anayetaka kujua kama mchezo umedhurika asihesabu wachezaji tu, bali asikilize pia kama bado wanazungumza.

Dai na ushahidi wake

Sataranji, ambayo wanafunzi wetu huiita chesi, ni mchezo uliotembea sana. Asili yake ni Bara Hindi, na jina lake limetufikia kwa njia ya Kiajemi na Kiarabu. Umepita katika tawala nyingi na mabadiliko mengi ya kanuni, wala haukufa. Lakini wanaosema kwamba sasa umekufa huanza hoja yao mjini New York, mwezi Mei 1997. Huko ndiko Garry Kasparov, aliyekuwa mchezaji mwenye nguvu kuliko wote duniani, aliposhindwa na Deep Blue, mashine ya kampuni ya IBM, kwa pointi 3.5 dhidi ya 2.5 katika michezo sita. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mjini Philadelphia, Kasparov alikuwa ameishinda mashine hiyo katika umbo lake la awali kwa pointi 4 dhidi ya 2. Deep Blue iliweza kupima hali zipatazo milioni 200 za ubao kwa sekunde moja. Leo hapana haja ya mashine kubwa ya namna ile. Programu inayoingia katika simu ya kawaida humshinda bingwa yeyote.

Je, mchezo ulikufa siku ile? Hapa mfano wa mwenzetu wa hisabati unafaa kuchunguzwa. Gari lilipobuniwa, mbio za miguu hazikufa. Eliud Kipchoge wa Kenya alipokimbia kilomita 42 na ushei kwa muda usiofika saa mbili, mjini Vienna mwaka 2019, hakuna aliyeuliza gari lingetumia dakika ngapi. Watu walisimama barabarani kumtazama binadamu akiufikia ukomo wa mwili wake. Vivyo hivyo katika sataranji. Mwezi Desemba 2021, huko Dubai, Magnus Carlsen na Ian Nepomniachtchi walicheza mchezo mmoja wa hatua 136 kwa muda wa saa saba na dakika zaidi ya 40, mrefu kuliko wowote katika historia ya kuwania ubingwa wa dunia, na watu waliufuata hadi mwisho. Mwezi Desemba 2024, huko Singapore, Gukesh wa Bara Hindi alipata ubingwa huo akiwa na umri wa miaka 18 baada ya mpinzani wake, Ding Liren, kukosea katika mchezo wa 14 ambao ulielekea kuwa sare. Kosa lile simu yoyote ingaliliepuka, lakini lilikuwa kosa la binadamu aliyechoka, na kwa sababu hiyo liliwagusa watazamaji.

Hata hivyo mfano wa gari haukamiliki. Gari haliwezi kujificha katika kiatu cha mkimbiaji, wala halimnong'onezi aweke wapi unyayo. Kompyuta ya sataranji yaweza kufanya yote mawili, na hapo ndipo madhara ya kweli yanapoanzia. Sisi tunayaona madhara matatu.

La kwanza ni kutoweka kwa usiku wa kufikiri. Zamani mchezo uliochukua muda mrefu uliahirishwa. Mchezaji aliandika hatua yake kwa siri, ikafungwa katika bahasha, na usiku ule yeye na wasaidizi wake waliukesha ubao wakijadiliana. Katika pambano mashuhuri la Reykjavik la mwaka 1972, mchezo wa mwisho baina ya Bobby Fischer na Boris Spassky uliahirishwa hivyo, na kesho yake Spassky akatoa taarifa kwa simu kwamba amekubali kushindwa. Desturi hiyo ilikomeshwa katika miaka ya 1990, kwani kukesha kwa majadiliano hakukuwa na maana tena pale ambapo mashine ingeweza kutoa jibu kabla chai haijapoa.

La pili ni mchezo kuchezwa kabla ya kuchezwa. Mabingwa huja ubaoni wamekwisha kukariri hatua nyingi walizoandaliwa na kompyuta. Mjini London, mwezi Novemba 2018, Carlsen na Fabiano Caruana walicheza michezo 12 ya kuwania ubingwa, na yote 12 ikawa sare, hata ikabidi mshindi apatikane kwa michezo ya haraka. Hatusemi kwamba kompyuta peke yake ndiyo iliyosababisha hayo, kwani mabingwa wawili walio sawa waweza kuzuiana bila ya msaada wowote. Lakini maandalizi ya mashine yalikuwa na sehemu yake.

La tatu ni udanganyifu. Mwezi Julai 2019, mjini Strasbourg, Ufaransa, mchezaji Igors Rausis, mwenye cheo cha juu kabisa katika mchezo huu na umri wa miaka 58, aligunduliwa akitumia simu chooni katikati ya mashindano. Alikiri, akafungiwa kucheza kwa miaka sita. Tangu hapo mashaka yameingia katika kumbi. Mtu akicheza vizuri kupita kiasi, wenzake hawampongezi kwanza, bali hutazama mifuko yake.

Upande wa pili wa mizani

Hatuna budi kuwa waadilifu. Mwalimu wa Kigali au wa Kampala hawezi kuisema vibaya kompyuta bila kukumbuka hali ilivyokuwa kabla yake. Vitabu vya sataranji vilikuwa adimu, viliandikwa kwa lugha za mbali, na walimu wa mchezo walipatikana katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani. Mtoto wa Moscow alikuwa na shule nzima ya kumlea, na mtoto wa Nyamirambo hakuwa hata na ubao.

Wasomaji wengi wanakifahamu kisa cha Phiona Mutesi wa Katwe, kitongoji cha Kampala, kilichoandikwa na Tim Crothers katika kitabu cha mwaka 2012 na kutengenezewa filamu na Mira Nair mwaka 2016. Binti huyo alifundishwa na Robert Katende katika mazingira ya dhiki, akafika hadi kuiwakilisha Uganda katika mashindano ya mataifa huko Khanty-Mansiysk, Urusi, mwaka 2010. Kisa hicho kina mafunzo mawili, na watu hulitaja moja tu. Funzo la kwanza ni kwamba akili haichagui mtaa. Funzo la pili ni kwamba mtoto mmoja alihitaji mtu mzima mmoja aliyejitolea, na watu kama hao ni wachache. Leo mtoto mwenye simu na intaneti aweza kucheza na mwenzake wa Nairobi au wa Manila usiku huu huu, akashindwa, akaonyeshwa mahali alipokosea. Kwa mtoto asiye na Katende wake, hiyo si neema ndogo. Atakayesema kwamba kompyuta ni hasara tupu, basi huyo amewasahau watoto maskini.

Tena kompyuta imewafundisha hata mabingwa. Mwezi Desemba 2017 ilitangazwa programu iitwayo AlphaZero, ambayo haikufundishwa michezo ya wanadamu bali kanuni tu, ikajifunza kwa kucheza na nafsi yake. Katika michezo 100 dhidi ya Stockfish, programu iliyokuwa miongoni mwa zile zenye nguvu kabisa, ilishinda 28, ikatoka sare 72, wala haikushindwa hata mmoja. Mabingwa waliisoma michezo yake kama mtu asomaye utenzi mpya. Lakini yafaa kutazama kwa makini kilichofuata. Ilibidi wachezaji wawili wa Kiingereza, Matthew Sadler na Natasha Regan, waandike kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2019, ili kuwaeleza watu kile ambacho mashine ile ilikuwa ikifanya. Mashine ilicheza, na wanadamu wakaipa kauli. Hoja yetu imesimama juu ya jambo hilo, nasi tutalionyesha kwa kisa kilichotupata wenyewe.

Kisa cha chama chetu

Katika shule ya sekondari tunayofundisha tulianzisha chama cha sataranji kwa mbao sita, nne kati yake zikiwa za kadibodi zilizochorwa na wanafunzi wenyewe. Shabaha yetu haikuwa ubingwa. Tulitaka Kiswahili kipate mahali pa kusemwa nje ya daftari. Kama wasomaji wajuavyo, Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, lakini wanafunzi wetu wengi hukisikia darasani tu. Nyumbani wana Kinyarwanda, katika vitabu vya masomo mengine wana Kiingereza. Tukaweka kanuni kwamba mezani pa sataranji hakutasemwa ila Kiswahili.

Matokeo yalitushangaza. Walimu wenzetu wanajua taabu ya kufundisha viambishi vya masharti, yaani -nge- na -ngali-. Mwanafunzi hukariri jedwali, akafaulu mtihani, asiitumie sura hiyo tena maishani mwake. Mezani pa sataranji sura hiyo ilizaliwa bila kuitwa. "Ningaliisogeza ngome mapema, farasi wangu angalipona." "Ungemla askari yule, ningekufungia mfalme kwa hatua mbili." Hapana zoezi la kitabu lililopata kutoa sentensi kama hizo kwa wingi namna ile, na kila sentensi ilikuwa na mtu aliyeitaka kwa dhati, kwani alikuwa akitetea heshima yake. Ndipo tulipotambua kwamba mchezo huu wote ni shule ya masharti. Mchezaji huishi katika mambo ambayo hayajatokea.

Baadaye simu zilipoingia katika chama, sisi wenyewe tulizikaribisha. Wanafunzi walicheza vizuri zaidi, hilo hatulikatai. Alikuwapo kijana mmoja wa miaka 16, mwepesi wa akili na mwenye kiu ya kushinda, ambaye katika muda wa miezi michache aliwapita wote. Siku moja alimtoa farasi wake bure, na baada ya hatua tano akashinda. Tulimwuliza kwa nini alifanya hivyo.

"Ndiyo hatua bora, mwalimu," akajibu.

"Kwa nini ni bora?"

"Simu inaipa moja nukta nane."

Sote tulicheka, na sisi tukampongeza mbele ya wenzake. Tunaliandika jambo hili kwa sababu kosa lilikuwa letu. Kijana alikuwa ametupa tarakimu mahali tulipoomba sababu, nasi tukaipokea tarakimu kana kwamba ni sababu. Kama angaliandika insha kwa namna hiyo, tungalimrudishia daftari.

Muhula uliofuata, katika mashindano baina ya shule kadhaa za jiji, mwamuzi alimkuta kijana huyo chooni akiwa na simu mkononi. Timu yetu iliondolewa. Tulirudi shuleni kwa miguu, hakuna aliyesema neno. Kijana hakukana wala hakulia. Tulipomhoji alisema jambo moja tu, nalo limetukaa moyoni hadi leo: "Mwalimu, mlisema niicheze hatua bora. Mimi sikuwa nikiijua, simu ilikuwa ikiijua."

Wapo walimu waliotaka afukuzwe katika chama. Sisi tulimpa adhabu ya muhula mmoja, kisha tukajipa adhabu sisi wenyewe, nayo ni kubadili mafundisho. Tangu wakati huo kila mchezo unaomalizika huandikwa katika daftari, na wachezaji wawili hukaa pamoja wakieleza kwa maneno, hatua kwa hatua, walikusudia nini, walihofu nini, na wangefanya nini kama mwenzao angekwenda njia nyingine. Hapo ndipo simu hufunguliwa. Ikisema kwamba wamekosea, ni lazima waandike sentensi isiyopungua moja kueleza kwa nini mashine huenda ina haki. Wakishindwa kuieleza, huandika: "Hatujaelewa." Kijana yule alirudi. Ukurasa wake wa kwanza una "Hatujaelewa" mara saba, na kwa maoni yetu ni ukurasa bora kuliko ushindi wake wote uliotangulia.

Msomaji ataweza kutupinga hapa na kusema kwamba kompyuta haitoi tarakimu tu, bali huonyesha pia mfuatano wa hatua ambazo zingefuata. Ni kweli. Lakini mfuatano wa hatua hueleza litakalotokea, hauelezi maana yake. Mwanafunzi aliyeonyeshwa mfuatano wa hatua 12 bila maelezo ni kama aliyepewa shairi la lugha asiyoijua. Aweza kulikariri lote na bado asiambulie kitu. Nasi hatuko peke yetu katika maoni haya. Gukesh, tuliyemtaja hapo juu, katika utoto wake alifundishwa na Vishnu Prasanna, mwalimu ambaye kwa miaka kadhaa alimzuia kuitegemea kompyuta ili kwanza ajenge fikira zake mwenyewe. Bingwa kijana wa zama za kompyuta alilelewa kwa ubao na mdomo wa mwalimu.

Igisoro, na mashine isiyoujua mchezo

Mpaka hapa tumezungumza juu ya mchezo uliotoka mbali. Lakini sisi tuna mchezo wetu, na kuusahau kungekuwa aibu. Igisoro ni ndugu wa omweso wa Uganda na bao la pwani. Ubao wake una mashimo 32 katika safu nne, na kete zake ni 64. Kuucheza kwa Kinyarwanda huitwa kubuguza. Mtaalamu wa Kimarekani Alan Merriam aliueleza katika makala ya mwaka 1953, na kabla na baada yake watu wa nchi hii waliucheza bila kumhitaji mtaalamu yeyote.

Kuna kisa katika masimulizi ya kale ya Rwanda ambacho kila anayejadili udanganyifu wa kompyuta angefaa kukijua. Ryangombe, mkuu wa imandwa, alishindana kwa igisoro na Mpumutumucuni, na kilichogombewa kilikuwa ukuu wenyewe. Ryangombe alikuwa akishindwa. Ndipo mwanawe Binego alipotokea, akasimama nyuma ya baba yake, akamwonyesha hatua ya kucheza. Mpinzani alipolalamika, Binego alimwua. Kisa hicho hufasiriwa kwa njia nyingi, lakini sisi tunaona ndani yake jambo moja lililo dhahiri: suala la msaada kutoka nje ya ubao halikuletwa na kompyuta. Wahenga walilijua, na walijua pia kwamba laweza kuleta damu. Tofauti ni kwamba Binego alisimama mahali pa kuonekana. Mpinzani alimwona, akalalamika, na watu wakapata la kusimulia. Simu ya chooni haionekani, na aliyesaidiwa nayo hubaki peke yake na aibu yake.

Sasa tuulize: je, kompyuta imeudhuru mchezo wa igisoro kama ilivyoudhuru mchezo wa sataranji? Mashine zimekwisha kuigusa familia hii ya michezo. Mwaka 2002 watafiti John Romein na Henri Bal wa Amsterdam waliikamilisha hesabu ya awari, mchezo wa Afrika Magharibi wenye mashimo 12 na kete 48. Walipima hali zaidi ya bilioni 889, wakathibitisha kwamba wachezaji wawili wasiokosea hutoka sare. Lakini michezo ya safu nne ni mipana zaidi, na igisoro haikupata kufukuziwa na mashine kwa bidii kama hiyo. Hakuna kijana wa Kigali anayeshindwa igisoro kwa sababu mpinzani wake ana simu chooni.

Na hata hivyo igisoro hauchezwi kama zamani. Zipo sababu nzito kuliko kompyuta. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliwaondoa wazee wengi mno ambao wangewafundisha wajukuu wao, na hasara hiyo haina kifani wala fidia. Yapo pia mabadiliko ya makazi na ya kazi. Lakini simu nayo imo. Haikuingia kwa kuushinda mchezo, bali kwa kuikalia nafasi yake. Mzee mmoja jirani yetu ana ubao uliochongwa kwa mti mgumu, na tulipomwomba aje kuwafundisha wanafunzi alikubali kwa furaha. Alikaa nao alasiri nzima. Alipokuwa akiondoka alituambia: "Wajukuu wangu wananipenda, mwalimu. Wakija hukaa karibu nami. Lakini kila mmoja anatazama mkononi mwake." Hakulalamika. Alieleza tu alichokiona.

Kwa hiyo michezo hii miwili inaugua magonjwa tofauti. Sataranji inadhurika kwa mashine inayoijua mno, hata ikawajibia watu kabla hawajauliza. Igisoro unadhurika kwa mashine isiyoujua kabisa, nayo inawashughulisha vijana kwa mambo mengine. Lakini dalili ya magonjwa yote mawili ni moja, nayo ni kimya. Mezani pa sataranji hakuna mjadala kwa kuwa jibu limekwisha kutolewa. Kwenye ubao wa igisoro hakuna mjadala kwa kuwa hakuna aliyeketi.

Ndugu zetu wa pwani watatuelewa upesi. Bao la Kiswahili lina msamiati wake: kuna namua na kuna mtaji, kuna kutakata, kuna nyumba, kichwa na kimbi. Mchezaji huanza na kete 22 mkononi na 10 ubaoni, na kila hatua ina jina linaloweza kutajwa na kubishaniwa barazani. Alexander de Voogt, aliyewachunguza mafundi wa bao wa Zanzibar na kuandika tasnifu yake huko Leiden mwaka 1995, alikwenda kukaa na mafundi wenyewe, kwani ujuzi wao ulikuwa vichwani na vinywani mwao. Msamiati huo haukutungwa na kamati. Ulitungwa na watu waliokaa kitako wakibishana. Baraza likinyamaza, kamusi itayahifadhi maneno, lakini hayatazaa mengine.

Hitimisho

Tumejaribu kulipima dai la mwenzetu wa hisabati, na uamuzi wetu ni kama ufuatao. Si kweli kwamba kompyuta imeiua sataranji. Mchezo unachezwa, mabingwa wapya wanazuka, na watoto ambao zamani wasingepata mwalimu leo wanajifunza. Ni kweli, hata hivyo, kwamba kompyuta inaweza kuufanya mchezo uwe bubu, na mchezo bubu hauna faida kubwa shuleni. Mwanafunzi asiyeweza kueleza hatua yake hajaicheza yeye. Hilo ni kweli katika sataranji, na tunahofu kwamba litakuwa kweli katika insha, katika hesabu na katika kila somo ambalo mashine itajifunza kulijibu.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa wanachama wenzetu mambo matatu. Kwanza, vyama vya michezo visianzishwe kwa ajili ya vikombe peke yake, bali vihesabiwe kuwa sehemu ya mafundisho ya lugha, na mchezo wa jadi ukae meza moja na wa kigeni. Pili, simu zisipigwe marufuku, maana marufuku huzipeleka chooni; bali ziwekewe zamu yake, na zamu hiyo iwe baada ya mazungumzo, wala si kabla. Tatu, mwalimu asimsifu mwanafunzi kwa hatua ambayo hakuieleza, hata kama imemletea ushindi. Hili la tatu ni gumu kuliko yote, nasi tunalisema kama watu waliolikosea.

Mzee jirani yetu huja sasa kila Jumatano. Amewafundisha wanafunzi majina ya Kinyarwanda ya mashimo na hatua, nao wanajaribu kuyatafutia Kiswahili chake, wakikosana na kupatana. Kijana aliyetajwa katika makala haya ndiye anayeandika orodha. Mwalimu yeyote mwenye maneno ya bao au omweso kutoka kwao na atuletee, tuyalinganishe.